Siku ya Jivu Baridi

Wiki jana nilikuwa Meru kwa shughuli za ofisi, na zilipoisha mapema nikasema wacha nishuke soko la Gakoromone nimnunulie Mama ndizi za kupika. Unanijua, mimi na ndizi za Meru hatuachani. Nikatoka sokoni na mfuko unaniua bega, nikapitia ile barabara ya nyuma yenye maduka ya zamani ya Wahindi, nikajikuta nimesimama. Duka letu halipo. Nasema letu, ingawa hatukuwahi kumiliki hata kufuli yake. Wamelibomoa, wamezungushia mabati, watapandisha ghorofa kama kila mtu siku hizi. Nikachungulia kwenye tundu la bati, na humo ndani, katikati ya matofali yaliyovunjika, jiko la udongo la Ba lilikuwa bado limesimama, limejaa maji ya mvua. Wee, machozi yakanitoka hapo hapo barabarani, mtu mzima mwenye ndizi begani.

Ba ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Kwa Kigujarati ndivyo wanavyomwita mama mkuu wa familia, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mwanawe aliuza vitambaa dukani mbele. Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa saruji, na mwisho wa uwanja kulikuwa na stoo iliyotolewa magunia ili tulale sisi, mimi na Mama. Mama aliwafulia, akawapikia, akawaoshea sakafu. Kuta zilikuwa ndefu, juu zimepandwa vipande vya chupa, na kwa sababu ya wezi uwanja wote ulikuwa umefunikwa kwa wavu wa chuma. Mimi mbingu niliijua ikiwa imekatwa miraba. Mlima ukitoka mawinguni asubuhi, niliuona kipande kipande, theluji kwenye mraba huu, mawe kwenye ule.

Geti la nyuma lilifungwa wakati wote, na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Ba pamoja na wenzake. Ungemsikia anakuja kabla ya kumwona. Siku za shule nilifunguliwa asubuhi nikarudishwa jioni, lakini Agosti, shule zikifungwa, nami nilifungwa. Nilikaa mle ndani nikisikiliza barabara: mikokoteni, watu wakibishana bei, watoto wakifukuzana. Nilikuwa na hamu moja tu duniani, kwenda kijijini Kibugu kwa shosho yangu, bibi aliyemzaa Mama. Niliwahi kupelekwa mara moja nikiwa mdogo, na harufu ya jikoni kwake haikunitoka puani, moshi na maziwa na viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Kila likizo nilimwuliza Mama tunaenda lini. Kila likizo alinijibu, "Nyamaza, tutaona."

Hakuweza kuniambia ukweli. Alikuwa amemtoroka mume aliyempiga, na kaka zake kule Kibugu walikuwa wamemwambia wazi kwamba ile michai ina wenyewe, na binti aliyerudi hana shamba. Akiipoteza ile stoo, hatukuwa na pengine pa kulala. Basi mimi niliomba tufukuzwe, na mama yangu aliomba tusifukuzwe. Sijui Mungu alituonaje.

Sasa, Agosti ndiyo ilikuwa na ile sikukuu. Wahindi wa Ba wana mungu wa kike, Shitala, mama wa ubaridi. Ndiye anayeleta tetekuwanga na surua, na ndiye anayeziondoa. Siku moja kabla ya sikukuu yake nyumba nzima ilipika kana kwamba kuna harusi. Palikuwa na chapati za manjano zilizokandwa na majani ya uwatu, puri, mtindi, na viazi vyenye bizari na ndimu. Jioni jiko lilizimwa, likapakwa udongo mpya, jivu likasawazishwa kwa kiganja, likapigwa vidoti vya unga mwekundu, na tawi bichi likachomekwa mdomoni mwake. Kesho yake hapakuwashwa hata kiberiti. Tulikula vya jana, baridi. Tulioga maji baridi pia, Meru, Agosti, gathano yenyewe, msimu wa baridi kali, manyunyu yanashuka tangu alfajiri! Nilikuwa napiga kelele kabla kopo halijanifikia mgongoni.

Baada ya kuoga Ba alitukusanya, mkamwana wake, Mama na mimi, akatusimulia ilikotoka siku hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini ulikuwa huwezi kuondoka.

"Mama ya baridi natembea," alisema. "Naingia nyumba hii, naingia nyumba ile. Natafuta jiko iko baridi. Nalala ndani ya jivu, nageuka hivi, nageuka hivi, mwili napoa."

Zamani hizo palikuwa na nyumba yenye wakamwana wawili. Yule mdogo alipika siku nzima, mtoto akalia, akajilaza kumnyonyesha, usingizi ukamchukua na moto haujazimwa. Shitala akaja, akajitupa jikoni, akaungua. Akalaani: kama ulivyouchoma mwili wangu, na uungue uzao wa tumbo lako. Asubuhi mama akamkuta mtoto wake kitandani amekuwa mkaa. Hapo mkamwana wa Ba alikuwa anamkumbatia mtoto wake kwa nguvu, kila mwaka, ingawa hadithi aliijua tangu kwao.

Yule mama hakumzika. Akamtia kikapuni, akajitwika, akaenda kumtafuta aliyemlaani. Njiani akakuta mabwawa mawili yenye maji ambayo mtu akinywa anakufa, nayo yakamwomba ayaulizie kosa lao. Mbele zaidi akamkuta kikongwe amekaa chini ya mti, anajikuna, kichwa chake chawa watupu. "Binti, hebu nitazame kichwa," akamwambia. Mama mwenye maiti kikapuni angeweza kusema ana haraka. Akampakatisha kikongwe yule mtoto, akakaa nyuma yake, akaanza kutoa chawa mmoja mmoja. Kikongwe akasikia raha, akasema: kama ulivyokipoza kichwa changu, na lipoe tumbo lako. Mtoto akalia. Kikongwe alikuwa ndiye Shitala. Na yale mabwawa, Ba alisema akitutolea macho, zamani yalikuwa wake wenza waliowanyima majirani mtindi. Mkamwana mkubwa mwaka uliofuata akauacha moto makusudi ili naye akutane na mungu, lakini alipofika kwa kikongwe akasema yeye si wa kushika chawa wa watu. Akarudi na kikapu chake kama alivyokwenda.

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, na wakati wa hadithi alipepeta mchele akiguna. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa mungu wa watu. Kilikuwa jiko. Kibugu, kwenye ubaridi ule wa msituni, moto hauzimwi. Unafukiwa jioni, unafufuliwa asubuhi, na ukikufia unakwenda kupalia makaa kwa jirani. Unazimwa mwenye nyumba akifa. "Nyumba bila moto ni kaburi lenye mlango," alininong'oneza kila mwaka tukitafuna chapati baridi. Na kuna jambo moja baya zaidi kwao: kuuzima moto na ndani mna mtoto mgonjwa. Huko ni kumuaga.

Mwaka ninaousema, mtoto wa mkamwana aliamkia siku ile ya baridi na tetekuwanga, vipele mwili mzima, homa juu. Ba hakushtuka sana. Alisema Mama ya baridi mwenyewe amekuja mgeni, apokewe kwa ubaridi, asiudhiwe. Wakamfunika mtoto kitambaa chepesi, wakampepea na majani ya mwarobaini. Kisha Ba akaenda hekaluni kuomba na wanawake wenzake, akatufungia geti kwa nje kama kawaida.

Mtoto alikuwa anatetemeka, midomo imepauka. Mama alizunguka uwanja ule kama kuku anayetaka kutaga. Alitazama jiko, akatazama mlango wa mkamwana, akatazama jiko. Halafu akasema peke yake, "Hapana. Huyu hatumuagi leo," akang'oa lile tawi, akapanga kuni, akawasha. Akabandika uji wa wimbi. Mkamwana alitokea mlangoni na mtoto begani. Nilidhani atapiga mayowe. Alisogea tu, hatua kwa hatua, mpaka akawa amechuchumaa pale kwenye joto na sisi. Tukakaa hivyo, wanawake wawili na watoto wawili, tukinyoosha mikono motoni, na moshi ukapita kwenye miraba ya wavu ukaenda juu.

Moshi huo ndio Ba aliouona akiwa barabarani.

Funguo zilitangulia, zikagonga geti kwa fujo, likafunguka likabaki wazi. Ba alimwaga ndoo nzima jikoni. Mvuke ukapiga kelele, uji ukamwagika. "Umechoma Mama!" alilia akijipiga kifua. "Mama iko ndani ya nyumba, wewe nachoma yeye! Sasa toto naungua!" Hakuwa anaigiza, rafiki yangu. Aliamini amemwona mjukuu wake akiuawa. Mama alijaribu kumweleza, "Ba, kwetu sisi moto ukizimwa mtoto anakufa," na Ba akamjibu, "Huku ukiwasha ndiyo nakufa!" Hapo nikaona waziwazi kwamba wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kimoja.

"Chukua nguo," Ba akasema. "Chukua toto yako. Toka."

Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilikimbia stoo nikavaa sweta langu, nikafunga nguo zangu kwenye leso, nikaenda kusimama getini. Geti wazi mwezi wa Agosti! Mguu mmoja niliuweka nje kabisa, kwenye matope ya barabara. Mtu alipita na mkokoteni wa kabeji akanisalimia, "Habari, kasichana," nami nikamwambia tunaenda Kibugu. Nilikuwa nimeanza hata kuisikia harufu ya viazi vya shosho. Nikageuka kumwita Mama.

Mama hakuwa amechukua kitu. Alikuwa amesimama uwanjani, uso wake sijawahi kuuona vile, hata alipopigwa. Ba alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lililolowa, ushungi umemwanguka, nywele zake nyeupe nje kwenye manyunyu, anatazama yale matope ya jivu. Mama akaenda. Akapiga magoti nyuma yake juu ya saruji yenye maji, akatia vidole kwenye nywele zile, akaanza kuzichambua. Upande mmoja, kisha mwingine. Taratibu, kama mtu anayetafuta chawa.

Ba akakakamaa. Aliinua mkono amsukume, na mkono ukabaki hewani. Kwani angefanyaje? Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha anayeketi nyuma ya kikongwe ni nani. Mkamwana akaja kimya kimya, akamlaza mtoto mapajani mwa Ba. Tukangoja. Mvua iliendelea, na vidole vya Mama viliendelea, na mimi mguu wangu ulikuwa bado nje nikiomba kwa moyo wote Ba aseme hapana.

Mtoto akapiga chafya, akalia, kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa. Ba akafumba macho. Alisema maneno kwa lugha yake, kisha akayasema tena ili Mama aelewe. "Kichwa yangu napoa. Tumbo yako napoa, binti."

Binti! Mama akalia kwa sauti. Ba akainuka, akajifuta uso, akaja getini. Alinishika mkono kwa upole kuliko siku zote, akanivuta ndani, akafunga. Nilisikia kufuli ikilia, ka. Nikalia na mimi, na kila mtu alidhani ni furaha.

Mtoto alipona, kama watoto wengi wa tetekuwanga wanavyopona. Lakini ungemwambia nani kwenye nyumba ile? Tangu hapo Mama hakuwa tena mfanyakazi, alikuwa binti wa nyumba, na mwajiri unaweza kumuaga, lakini anayekuita binti unamuaga vipi? Kila mwaka siku ya jivu baridi aliketi nyuma ya Ba akamchambua nywele. Ba alipoacha kutembea, Mama ndiye aliyemlisha, maana Ba alikataa mkono mwingine. Shosho alikufa Kibugu katika miaka hiyo. Tulipofika kuzika, mafiga yalikuwa yamekwisha kumwagiwa maji, na mimi sikuwahi kukaa tena kwenye moto ule. "Lisilo budi hutendwa," Mama alisema, tukarudi stoo. Tulitoka mle Ba alipokufa na familia ikahamia ng'ambo, nami tayari nilikuwa nimeanza kazi.

Sasa naishi na Mama hapa Embu. Nyumba yetu ina ua mdogo na geti, na Mama halali mpaka geti lifungwe na ufunguo aufunge kwenye kanga, kiunoni. Kazini wamenipandisha cheo, lakini ni Kisumu, na wanataka jibu Jumatatu. Majirani wamejitolea kumwangalia. Mama anakataa mkono mwingine.

Jioni ile niliporudi na ndizi, nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilianza kwa kumwambia duka limebomolewa.

"Na geti?"

"Hakuna geti, Mama. Hakuna ukuta. Hata ule wavu wameutoa. Mvua inanyesha jikoni kwa Ba."

"Basi Mama ya baridi amepata pa kulala," akasema, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akajikuna. "Hebu nitazame kichwa."

Nikaketi nyuma yake. Nywele zake sasa ni nyeupe kama za Ba, nyepesi, ngozi inaonekana. Nikazigawa upande mmoja, kisha mwingine, Kisumu iko kwenye ncha ya ulimi, nasubiri apumue vizuri ndipo niseme. Akapumua. Mabega yakamshuka.

"Kichwa changu kimepoa," akasema. "Nawe moyo wako upoe, binti yangu."

Nikayameza maneno yangu yote. Akauliza kama jiko limezimwa, nikasema limefukiwa. Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo, nami nikaenda kufunga geti.