Kona ya Shimo la Tano

Harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa, ikichanganyika na moshi wa dizeli, hunirudisha darasa la nne kila asubuhi. Kazi yangu ni kutunza nyasi za gofu hapa Karatu, na kazi hiyo imenifikisha kwenye viwanja vya Arusha na Moshi, nikaviona vizuri. Watu huniuliza kipi kinastahili kuonwa. Huwatajia vile vyenye mabwawa, au kile ambacho Kilimanjaro inakuchungulia ukipiga mpira, nao huridhika. Ninyi nitawaambia ukweli. Njooni muone kiwanja chetu kidogo cha mashimo tisa, msimame kwenye shimo la tano.

Kilipopimwa nilikuwa na miaka kumi. Mwenye shamba la kahawa alitaka wageni wanaotoka kuona wanyama Ngorongoro wapate mchezo wa jioni, akamleta mchoraji wa viwanja, Mzungu mzee aliyekulia Kenya. Baba yangu alikuwa kibarua wa shamba lile, na ujanani aliwahi kukata nyasi kwenye gofu ya Arusha, basi akaitwa atembee naye. Fimbo ya gofu hakuwahi kuishika, lakini maoni alikuwa nayo, tena mengi.

"Bwana, usifuate karatasi," alimwambia siku ya kwanza. "Fuata njia ya ng'ombe. Ng'ombe hapandi mlima wima, na mgeni wako mwenye kitambi naye hapandi."

Mchoraji alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo akawa anamsikiliza, hata akahamisha grini mbili, zile nyasi laini zenye shimo na bendera, kwa sababu baba alisema zingetuamisha maji wakati wa masika. Nilivimba kichwa. Shuleni niliwaambia wenzangu kuwa baba ndiye anayejenga gofu, Mzungu anamshikia karatasi.

Jumamosi moja mama alinituma nimpelekee baba ugali na maziwa mgando. Ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unapanda kurudi msituni, na udongo mwekundu ulikuwa umenata viatuni hadi miguu imekuwa mizito. Niliwakuta kwenye kibonde nyuma ya mstari wa migrevilea, ile miti ya kivuli cha kahawa. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Shimo la tano, yaani njia nzima ya kupigia mpira hadi kwenye bendera, lingepita katikati ya kibonde, moja kwa moja.

"Hapa hapafai," baba alikuwa akisema. "Upepo wa hapa ni mkali, mipira itapotea. Zungusha huku juu."

Mchoraji alilowesha kidole, akakiinua. "Sioni upepo, Mzee."

"Unakuja mchana."

Mimi nikadakia, na chakula mkononi. "Lakini baba, hapa hapana upepo! Si ndipo tunapojificha na mbuzi ukivuma?"

Katekista, mwalimu wetu wa dini, alitufundisha kuwa njia ya mwongo ni fupi, nami nilidhani nasaidia. Baba alinitazama tu. Hakunigombeza. Aliteremka polepole hadi katikati ya kibonde, akavua kofia, akasimama ameinamisha kichwa. Nilingoja abishe, ajitetee, aseme lolote.

Mchoraji alimwangalia, akaiangalia ardhi miguuni pake. Kisha naye akavua kofia yake. Aling'oa vigingi kimoja baada ya kingine, akavipiga upya huko juu, na shimo likapinda kama kiwiko.

"Upepo mkali kweli, Mzee," alisema.

Niliona aibu. Baba amedanganya mbele yangu, na mtu mzima mwenzake amekubali uongo! Ugali ule haukuliwa. Tulirudi nyumbani, na kwa miaka mingi, kila baba aliponihimiza kusema kweli, moyoni nilimjibu vibaya.

Nilipopata kazi hapa, baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, mama aliniambia, "Kile kibonde usipitishe mashine. Nyasi za pale ukate kwa mkono."

Nikamuuliza kwa nini. Ndipo akanieleza kwamba kabla sijazaliwa waliishi kambi ya vibarua iliyokuwa pale, na kifungua mimba wao, mtoto wa kiume, alifariki kabla ya kubatizwa. Walimzika kibondeni bila msalaba. Nyumbani kwetu mtoto aliyekwenda mchanga hivyo hakutajwa, na kweli sikuwahi kusikia kuwa nina kaka.

"Baba yako aliogopa kusema pana kaburi," mama alisema. "Wangemwambia ahamishe. Na nani angemfukua, kama si yeye?"

Nililia usiku ule, na bado hulia. Mgeni wa siku chache alielewa kofia ile ya baba mara moja, mimi wa damu yake nikaona uongo. Sikuwahi kumwomba baba radhi.

Siku hizi wachezaji hulalamika kuhusu shimo la tano. Kibonde kitupu kile, wanasema, mchoraji gani alikikwepa bila sababu? Mimi niko pale na fyekeo langu. Ninainuka, ninavua kofia, na ninawajibu kwamba upepo wa hapa ni mkali.