Majani Tuliyoyafukia

Harufu ya majani yanayooza chini ya udongo haijanitoka puani. Nikipita kando ya shamba lililolimwa karibuni, popote pale, narudi Ufipa enzi za Mwingereza, nasimama nyuma ya mama yangu na kijembe changu, na wivu wangu wa zamani unaamka.

Kwetu, masika yakielekea mwisho, tulilima intumba, yale matuta ya mviringo yaliyotapakaa uwandani kama vyungu vilivyofunikwa. Unakusanya majani mabichi, unayafunika kwa mabonge ya udongo, juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unalibomoa tuta, na ndani hukuti jani hata moja. Ni udongo mweusi, laini, tayari kwa ulezi. Kila mtu aliliona jambo hilo. Lakini lilinisumbua mimi tu.

Siku moja majirani walikuja kutusaidia kulima, pombe ikiwangoja nyumbani. Nikauliza, "Mama, majani yanaacha kuwa majani lini?"

"Yakioza."

"Ndiyo, lakini siku gani? Na yakishakuwa udongo, yenyewe yamekwenda wapi?"

Jembe la mama lilisita hewani, kisha likashuka kwa nguvu. Hakunitazama. Mjomba Kasiani akacheka: "Dada, huyu mpeleke misheni akawachoshe mapadre. Sisi tuna shamba hapa."

Papo hapo dada yangu Sesilia akajifunga shuka la mama, akatembea katikati ya matuta kama padre mnene anayeogopa kuchafua kanzu. Majembe yote yakasimama. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, akamvuta Sesilia na kumpa kibuyu cha togwa anywe wa kwanza.

Niliomba togwa ile imkwame. Sikutaka kibuyu, nilitaka mama anitazame vile, mara moja tu. Nikakata shauri kwamba watu wazima hawapendi maswali kwa kuwa vichwa vyao vimejaa maharage, wa kwanza wao mama yangu.

Jambo jingine nililijua vizuri, ila sikuliunganisha na hilo. Masika yaleyale tulikuwa tumemzika mdogo wetu Filbati, hajajua hata kutembea, na mama alirudi shambani kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Miaka ikapita. Nilirudi nyumbani mtu mzima, mwenye vitabu mkobani, nikamkuta mama, sasa bibi kizee, akibomoa tuta. Alichota udongo, akauponda kiganjani. Bila kugeuka akasema, "Lile swali lako la majani, ulipata jibu?"

"Bado, mama."

"Hata mimi."

Moyo ukanidunda kwa furaha. Kumbe alilitunza! Kwa choyo nikamuuliza kama anakumbuka pia mwendo wa padre wa Sesilia, nikitumaini ameusahau.

Uso wake wote ukachanua. "Nisahau? Tangu tumzike Filbati, siku ile ndipo nilipocheka tena mara ya kwanza."

Nilidhani watu hawana maswali. Kumbe mama alikuwa na lake, la Filbati tuliyemfukia: amelala nalo, ameamka nalo, amelima nalo, nami nikaja kumwongezea jingine juu yake. Sesilia, asiyewahi kujiuliza lolote, ndiye aliyemtua mzigo huo.

Na hata leo, wapendwa wasomaji, namwonea wivu.