Vijiti Vinne vya Kwaya

Selpher Makokha wa mtaa wa Jericho alijipatia riziki kwa kuandika programu za kompyuta, hasa zile za kusawazisha sauti zinazopita kwenye kadi ya sauti. Kwaya ya kanisa lake iliponunua kompyuta, alijitolea kuitengenezea miksa, yaani programu ya kupandisha na kushusha sauti za waimbaji. Kwenye skrini aliweka vijiti vinne: soprano, alto, teno na besi. Ukikisukuma kijiti juu, sauti hiyo inapanda. Ukikivuta chini, inashuka.

Jumapili ya kwanza, Mama Lorraine, kiongozi wa alto, alivaa miwani akaikagua skrini.

"Selpher mwanangu, mbona sisi tuko nyuma ya soprano?"

"Ni mpangilio tu, Mama."

"Na hii rangi ya matope?"

Selpher akabadilisha rangi. Jackton wa besi naye akadai kijiti chao ni kifupi. Vilikuwa sawasawa, lakini Jackton alivipima kwa kidole mbele ya watu wote, na kwa kipimo chake, kijiti cha besi kilipungua.

Ili kumaliza maneno, Selpher aliiunganisha programu na simu za viongozi, kila kundi lijisukumie chake. Kabla ubeti wa pili haujaisha, vijiti vyote vilikuwa vimegota juu. Spika zikapiga mluzi. Mchungaji Githinji, aliyekuwa akibatiza mtoto, akauliza ni nani amekanyaga paka.

Selpher alirudi nyumbani amenuna, nusura afute kazi yote. Alipopoa, akaiandika upya: sasa sauti ilikuwa kama sufuria moja ya ugali. Anayetaka kuongezewa, sharti mwingine akubali kupunguziwa na abonyeze "Sawa".

Jumapili iliyofuata, wimbo ulichelewa kuanza.

"Jackton baba, nipunguzie kidogo," Mama Lorraine alisema, kwa upole uliowashangaza hata alto wenzake.

"Nikupunguzie ubeti wa kwanza, wa tatu unirudishie?"

"Nitakurudishia."

"Na soprano?"

"Hao niachie mimi."

Walipatana kama wanunuzi wa soko la Gikomba, kisha wakaimba vizuri hata wazee wa nyuma wakasimama. Baada ya ibada, Mchungaji akamvuta Selpher kando.

"Nami niwekee kijiti, cha mahubiri."

"Hakuna shida, Mchungaji. Ila ukitaka kupanda, waumini ndio watakaobonyeza Sawa."

Mchungaji akawatazama waumini wake wakikimbilia mlangoni.

"Maiki yangu iache ilivyo," akasema.