Kaburi la Ryoba Liko Butiama

Wakati wa kampeni Ghati alikuwa mwenyeji kabisa. Wagombea walikalia benchi lake, wakala mihogo yake, wakamwita mama yetu. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, akarudi kuwa mtu wa kuja.

Alifika upande huu wa Kiriba akiwa bado bi harusi, kwa sababu kwao mumewe, kule Butiama, ardhi ya baba ilikuwa imegawanywa mpaka haigawanyiki tena. Yeye na Ryoba walifyeka pori ambalo halikutakiwa na mtu, wakazaa, wakazeeka. Ryoba alipofariki, ndugu zake walikuja na gari wakambeba. Mwanamume azikwe kwenye boma la baba yake, walisema, na Ghati alikubali kwa moyo mweupe. Nani angemlaza mumewe ugenini? Kosa lilikuwa hilo, na lilifanywa kwa heshima zote.

Sasa Mugeta, jirani mwenye ng'ombe wengi na ndugu wengi kwenye uongozi wa kitongoji, alidai shamba lile lilikuwa la babu yake, Ryoba aliazimwa tu. Uongo mtupu! Huyo babu naye alihamia hapo na mifugo yake, kama watu wote wa Mara walivyotoka mahali fulani. Alichomzidi Ryoba ni kuzikwa hapo.

Na Ghati angekwenda wapi? Butiama, shemeji yake Werema angempokea kama angekubali kurithiwa. Bunda, mwanawe Fredi alibanana na mke na watoto katika chumba kimoja cha kupanga.

Siku ya kuamua, Pastory, mwenyekiti wa kitongoji, alisimama katikati ya mihogo na watu wake. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama Fredi, sisi hapa tunaendaga na makaburi," alisema. "Kama umezika mtu wako hapa, tunamaliza leo leo."

Ghati alitazama pale palipokuwa na kibanda chao cha kwanza. Wanawake waliomsaidia kuzika pale wote wameshakufa. Walimzika Matrida, binti yake wa siku chache, nyuma ya kibanda, bila tuta wala matanga, kama vichanga wanavyozikwa, na baada ya hapo hakutajwa tena.

"Kuna mtoto wangu," alisema.

Mugeta akacheka. "Mtoto gani? Mbona hatujawahi kumsikia?"

Pastory alikuna kichwa. "Itabidi tufukue kidogo, mama. Tuone mifupa tu. Bila hivyo itakuwa maneno matupu."

Mugeta alikuwa ameshashika jembe. "Wapi? Onyesha."

Ghati alifungua mdomo. Alikumbuka kitenge alichomfungia, na jinsi alivyomfunika uso mwenyewe kwa sababu hakutaka udongo umguse. Alimpenda mtoto yule, bado anampenda.

"Nimewadanganya," akasema. "Hakuna mtu hapa."

Pastory aliinamisha kichwa. Watu wakaguna, wengine wakamwita mzee mwongo, wakatawanyika.

Mvua zilipoanza, Ghati alikuwa bado anafunga vyombo vyake. Aliwaona ng'ombe wa Mugeta wakiingia na plau kutoka juu, mstari baada ya mstari, wakishuka kuelekea pale palipokuwa na kibanda. Alitoka akasimama mlangoni. Hakuweza hata kuwaomba wenye plau waparuke pale.