Kitufe Kilichojibonyeza

Kidole gumba cha kulia cha Masue Kitamori kilikuwa kimekufa ganzi upande mmoja kwa sababu ya kazi, lakini ule upande uliobaki hai ulikuwa na akili kuliko vipimo vyote vya karakana. Ukimpa kitufe akakibonyeza mara moja, atakuambia springi imezidi mzunguko mmoja, au ganda limetolewa kwenye kalibu kabla halijapoa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na kwa miaka thelathini na tano alikalia stuli ileile katika karakana ya akina Deguchi, kwenye vichochoro vya Takaida, mashariki ya Osaka, ambako kila nyumba ina mashine inayogonga ndani.

Walitengeneza vitufe vya kuitia wauguzi. Vilikuwa na umbo la pea ndogo, vinaning'inia kwa waya kando ya kitanda. Marehemu mzee Deguchi ndiye aliyevibuni, naye alijivunia kwamba vina vipande saba tu ukiacha waya: nusu mbili za ganda, skrubu moja, kichwa cha kubonyeza, springi, na ndimi mbili za shaba. Kila ulimi ulikuwa na tone la madini ya fedha kwenye ncha. Ukibonyeza, matone yanagusana, umeme unapita, kengele inalia kwenye ubao wa wauguzi. Ukiachia, yanaachana, na hapo hutoka cheche ndogo usiyoiona kwa macho. Kila cheche huacha doa jeusi, dogo kuliko ncha ya sindano. Masue alikuwa akiyasoma madoa hayo kwa lenzi kama wengine wanavyosoma gazeti.

Mwezi wa sita wa mwaka huo, mvua ikinyesha siku ya tisa mfululizo, bosi alikuja na bahasha mkononi. Alikuwa mtoto wa yule mzee, Tokuji, mwenye miaka thelathini na sita, na Masue alimjua tangu alipokuwa anatambaa chini ya meza za kazi.

"Shangazi, hebu tazama hiki. Kimerudishwa na nyumba ya wazee ya Hanazato, kule mteremko wa Ikoma. Wanasema kinapiga kengele chenyewe."

"Kitufe hakina mkono, Toku."

"Ndivyo nilivyowaambia. Nikawapelekea kipya. Sasa hicho kipya nacho kinapiga."

"Saa ngapi?"

Tokuji alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyependa swali aliloulizwa. "Wanasema saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kila siku."

Masue alifungua skrubu, akatenganisha ganda. Alikitazama kitufe kile kwa lenzi muda mrefu kiasi kwamba chai yake ilipoa. Chapa ndani ya ganda ilikuwa yake mwenyewe, alama ya jani aliyoikwangua kwa pini. Springi ilikuwa imechoka, imefupika. Shina la kichwa lilikuwa limelika pande zote mbili hadi likang'aa. Pale karakana walikuwa na mtambo wa kujaribia, mkono wa chuma uliobonyeza kitufe mchana kutwa huku ukihesabu, kwa hiyo alijua springi hufananaje ikishabonyezwa mara elfu kumi, na mara elfu hamsini.

"Hiki kimebonyezwa mara elfu sitini," alisema. "Zaidi kidogo."

"Haiwezekani. Kilifungwa mwezi wa tisa mwaka jana."

"Haya, sasa tazama fedha."

Tokuji aliinama juu ya lenzi. Matone ya fedha yalikuwa yamebonyea kwa kugongana, lakini yalikuwa meupe kama meno ya mtoto. Palikuwa na madoa machache mepesi, ya wiki chache tu.

"Safi," alisema.

"Ndiyo hilo. Mara elfu sitini, na cheche hakuna. Mtu amekibonyeza kitufe hiki hadi kimechakaa, na umeme haukuwemo."

Tokuji aliinua uso. Alikwenda akauzima mtambo wa kujaribia, ambao mpaka wakati huo ulikuwa ukigonga pembeni bila mtu kuusikia.

Kesho yake walipanda treni, kisha wakapanda mteremko kwa miguu chini ya miavuli. Sista mkuu, Sugitani, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mrefu, viatu vyake vyeupe kabisa, na alizungumza kwa adabu ya mtu anayetaka wageni wamalize haraka.

"Nawashukuru kwa kuja na mvua hii. Ni chumba namba kumi na moja. Tumemhamisha mzee Tamezo, amegoma kulala humo."

Mzee Tamezo mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti ukumbini, blanketi magotini. Masue alipopita, mzee alimshika mkono wa nguo.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mzee."

"Usikilaumu kitufe. Mimi nimelala nacho wiki tatu. Nilikuwa nimekilaza kifuani, mikono yangu iko chini ya shuka, nikakiona kinashuka. Polepole hivi. Kama mtu ambaye gumba lake linauma." Akamwachia. "Wenzangu wananiambia nimezeeka. Nimezeeka kweli, lakini macho ninayo."

Chumba kilikuwa kisafi. Kitanda kimoja cha chuma, dirisha linalotazama mianzi, mvua ikitiririka kwenye kioo. Kitufe kipya kilikuwa kikining'inia ukutani. Tokuji alikagua waya kipande kwa kipande, akafungua soketi, akapapasa ukuta kama kuna unyevu. Pakavu. Masue alikaa kitandani, akakishika kitufe kwa kukumbatia ganda lake kiganjani, kichwa cha kubonyeza kikiwa juu, huru, hakuna kidole karibu. Mlango uliachwa wazi. Kutoka ubao wa wauguzi ukumbini ilisikika saa ya ukutani.

Saa tisa na dakika kumi na nane Tokuji alitania, "Shangazi, kikipiga nitakuongezea likizo."

"Nyamaza wewe."

Kisha kichwa cha kitufe kilianza kushuka.

Alikiona, na alikisikia vilevile kiganjani mwake: springi ikijikunja mzunguko kwa mzunguko, polepole, ikisita katikati kama nguvu imeisha, halafu ikamalizia. Ndimi ziligusana. Kule ukumbini kengele ililia. Kichwa kilibaki chini kwa muda wa pumzi moja, kikapanda. Kikashuka tena. Kikapanda. Kikashuka mara ya tatu, na safari hii hakikupanda. Kilibaki chini, kengele ikilia mfululizo, na kiganja cha Masue kikapata ubaridi wa kitu kilichotolewa kisimani. Alitaka kukitupa, vidole vikakataa. Tokuji alikuwa ameegemea ukuta.

Kengele ililia dakika nzima. Hakuna aliyekuja. Halafu kichwa kilipanda, taratibu, kwa nguvu ya springi peke yake.

Masue aliinuka, akatoka hadi kwenye ubao. Sista Sugitani alikuwa amesimama mbele yake, mikono imefungwa kifuani, akiitazama taa ya namba kumi na moja iliyokwisha zimika.

"Sista, kabla ya mzee Tamezo, nani alikuwa chumba kile?"

"Bi Ine Morisada. Alifariki mwezi wa pili."

"Saa ngapi?"

"Tulimkuta saa kumi, tulipopeleka chai."

"Na waya wa chumba chake ulikatwa lini?"

Uso wa Sugitani haukubadilika, ila damu iliondoka ndani yake. "Nani amekuambia waya ulikatwa?"

Masue alitoa kitufe cha zamani mkobani, akakiweka wazi juu ya kaunta, na lenzi kando yake. "Hiki ndicho kimeniambia. Nilikifunga kwa mikono yangu. Alibonyeza kama mara mia nne kwa siku, Sista. Na hata mara moja haikufika."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la jikoni. Sugitani alikaa kwenye kiti, akazungumza huku akitazama viatu vyake.

"Alikuwa anaita kila dakika. Maji. Dirisha. Amesahau alichotaka. Tulikuwa wauguzi watatu kwa wazee arobaini, na mmoja alikuwa mja mzito. Siku ileile alipofungiwa kitufe kipya nilichomoa waya nyuma ya ubao. Nilisema ni siku mbili tu, tupumue. Halafu pakawa kimya, na kimya kile..." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Nilizoea. Tulikuwa tunampelekea chakula, tunamgeuza, tunambadilisha. Nikasahau kabisa kwamba nimechomoa. Siku ile alipokufa gumba lake lilikuwa juu ya kitufe, limekakamaa, ilibidi nilifungue kwa nguvu. Mzee Tamezo alipoletwa mwezi wa nne ndipo nikaurudisha waya."

"Na siku zote hizi kengele ikilia, nani huenda?"

"Hakuna. Ni chumba kitupu."

"Alikuita wewe," Masue alisema. "Hakuniita mimi wala huyu bosi wangu. Sisi tumetengeneza mlango tu. Wa kuingia ni wewe."

Tokuji alitaka kusema kitu cha kulainisha, Masue akamkanyaga mguu.

Siku iliyofuata walirudi, kwa sababu Sugitani mwenyewe alipiga simu karakana kuwaomba wasimwache peke yake. Saa tisa na dakika ishirini kitufe, kilichokuwa kimelazwa juu ya mto, kilishuka. Kengele ililia. Sugitani alikuwa kwenye ubao. Masue alimwona akianza kutembea, akasimama katikati ya ukumbi, akashika ukuta, halafu akaja. Alipiga magoti kando ya kitanda kitupu. Kitufe kilikuwa chini kwa mara ya pili.

"Nimekuja, Bi Ine," alisema. "Nimechelewa. Nimekuja. Unataka nini?"

Kichwa cha kitufe kilipanda. Mara ya tatu haikuja. Godoro upande wa ukutani, ambako hakuna aliyeketi, lilinyanyuka kidogo sana, kama linavyonyanyuka mtu anapobadilisha ubavu na kuukaribia ukingo wa pili. Masue aliliona. Sugitani naye aliliona, na badala ya kukimbia alinyoosha mkono akalifungua dirisha, kwa sababu, alivyosema baadaye, Bi Ine alipenda dirisha lifunguliwe hata mvua ikinyesha.

Tangu siku hiyo Sista Sugitani alikwenda chumba kile kila alasiri. Mwanzoni alisubiri kengele. Kisha akawa anatangulia, anafika saa tisa na robo, anafungua dirisha, anakaa na glasi ya maji. Kengele haikulia tena. Kama ni kwamba aliyekuwa akiita alikwisha ondoka, au ni kwamba hakuwa na sababu ya kuita kwa kuwa aliyemtaka alikuwa hapo tayari, Sugitani hakujua, na hakuthubutu kuacha hata siku moja ili ajue. Jamaa za Bi Ine aliwaandikia barua, akawaeleza yote. Walikuja wawili, wakamsikiliza, wakaondoka bila kunywa chai. Uongozi ulimshusha cheo. Aliendelea na kazi palepale.

Masue alirudi kwenye stuli yake, lakini kwa wiki nzima aliharibu kazi. Alifunga springi kinyume, alisahau skrubu. Jumatatu moja alimfuata Tokuji mezani kwake na kitufe kilichopasuliwa tumbo.

"Hiki cha baba yako kina kasoro."

"Shangazi, kitufe hiki kimeuzwa miaka ishirini."

"Anayebonyeza hajui kama amesikika. Anabonyeza gizani. Tia taa ndogo hapa, chini ya kichwa. Ila isiwake kwa kubonyeza tu. Waya wake uende hadi kwenye ubao na kurudi. Ubao ukipokea, taa inawaka mkononi mwake. Waya ukichomolewa, haiwaki, na yeyote anayepita anaona kwamba haiwaki."

"Itakuwa waya nne badala ya mbili. Kalibu mpya. Hospitali zitasema ni ghali."

"Basi waambie uliyoyaona."

"Nikiwaambia niliyoyaona hawatanunua hata balbu."

Alikataa siku hiyo. Masue hakubishana, alichukua tupa na ganda moja, akaanza kupanua tundu kwa mkono wakati wa mapumziko, huku akila tonge lake la wali na plamu ya chumvi. Siku ya nne Tokuji alivuta stuli akaketi karibu naye, akachukua tupa nyingine. Walitengeneza matoleo matano. La kwanza taa iliunguza plastiki. La pili lilikuwa zito mno kwa mkono wa mgonjwa. La tatu na la nne Masue aliyakataa kwa gumba lake kabla ya mtambo kuyajaribu. La tano lilipita mara laki moja, na vitufe ishirini na nane vya mwanzo walivifunga Hanazato wenyewe, bila kusubiri kuombwa.

Masue alifanya kazi miaka kumi na mmoja zaidi. Tokuji hakuwahi kuzungumza habari ya chumba kile mbele ya wafanyakazi, naye Masue hakuulizwa. Ila wanawake waliokaa naye meza moja walimwona amepata tabia mpya: kila alipojaribu kitufe kabla ya kukitia kwenye boksi, akikibonyeza na taa ikawaka, alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Nakuja." Walimcheka sana, wakamwiga kwa kejeli, wakasema anazeeka vibaya. Baada ya muda kejeli iliisha na neno likabaki. Mchana ukipita kichochoro kile, kati ya mashine ya skrubu na mashine ya bawaba, ungeweza kuwasikia wanawake sita wameinamia kazi yao, kila mmoja kwa wakati wake, wakimwambia mtu wasiyemjua kwamba wanakuja.