Mama Asiyetoka Jasho

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Bakari, Mtanzania ninayeishi naye chumba kimoja, hunicheka mpaka leo. Lakini wallahi haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Al Quoz, mtaa wa magereji huku kwa Waarabu, na wala sikuwa na homa.

Mimi ni fundi wa magari, mtu wa Mombasa, na hasira zangu ziko karibu, sikatai. Arbab, mwenye gereji yetu, alileta gari la jipu la marehemu babake, dizeli kuukuu lililokuwa likivuja oili. Mamake mzee alitaka kupandishwa nalo milima ya Hatta siku ya Ijumaa, apaone tena alikokuwa akipelekwa na mumewe. Arbab akaniambia, "Likidondosha hata tone, Jumamosi usije kazini." Na kazi ikikatika huku, visa nayo imekatika. Nina watoto Mombasa wanasoma.

Basi nikalala chini ya lile gari. Nikabadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Likavuja. Nikashusha giaboksi nzima, nikatia sili mpya nyuma ya injini. Likavuja vile vile, mbwa lile.

Jumatano, adhuhuri ya Agosti, wenzangu wote walikuwa wamelala kwenye chumba chenye AC, maana jua lile halichezewi. Mimi usingizi ungetoka wapi? Nikabaki peke yangu nikilitukana gari. Kwetu wazee hukataza watu kuzurura jua la utosi, wanasema ni saa yao wale wenyewe. Unadhani nilikumbuka?

"Mwanangu, mbona unatafuta chini?"

Nikatoa kichwa. Mama wa makamo, buibui jeusi, mkoba mkononi, Kiswahili cha kwetu kabisa. Nikadhani ni yaya wa nyumba fulani anayengoja teksi. "Mama, jitafutie kivuli, niache na kazi yangu," nikamjibu. Hakujali. Akaitazama injini, nami nikamtazama uso. Siku ile hata kuta zilitoka jasho, niamini, lakini yeye hakuwa na tone.

"Oili hushuka, na upepo wa feni huipeleka nyuma," akasema. "Unapoiona sipo inapotoka. Futa injini yote ikauke."

Sijui kwa nini nilimtii, mimi ambaye hata arbab huniambia mara mbili. Nikaosha, nikafuta. Akatoa mkobani kopo la poda, ile ya kupaka watoto shingoni, akainyunyizia injini mpaka ikawa nyeupe. "Washa." Kwa papara nikawasha, nikaiacha ingurume kitambo, nikazima. Lahaula! Juu ya ule weupe mstari mmoja mweusi ulikuwa ukiteremka kutoka pembe ya mbele ya kava ya juu, mahali ambapo sikuwa nimepatazama hata mara moja. Akaegemeza kiganja juu ya bomba la ekzosi, moto wa kukaanga yai, akanionyesha kwa mkono wa pili, taratibu, bila kukunja uso. Nimefanya kazi na mafundi wengi. Kazi safi kama ile sijaiona tena.

"Hapa ni pa kwanza," akasema. "Pa pili ndipo penye kuua. Washa tena nikuonyeshe."

Furaha ikanijaa. Nikapanda na, kama nilivyolelewa, nikasema kwa sauti, "Bismillahi!" Nikawasha.

Nikashuka. Hakuna mtu. Poda ilikuwa imetapakaa sakafuni mbele ya gari, na juu yake nyayo za viatu vyangu tu. Mlinzi wa getini akaapa hajamwona mwanamke yeyote.

Kava nikaiziba. Alhamisi sakafu ilikuwa kavu kabisa. Arbab akaja, akafurahi, akanyoosha mkono. "Yalla, ufunguo."

Ungefanyaje wewe? Ungempa?

"Arbab, kuna pengine panavuja."

"Wapi?"

"Sijui."

"Nani amekwambia?"

Ningemjibu nini, jini? Nikaukumbatia ufunguo. Akafoka, akasema khalas, imetosha, nimemchosha, nikakate tiketi. Nami nikapandisha sauti: anifukuze jioni, lakini kwanza anipe saa moja. Nikakimbia dukani, nikanunua poda, nikainyunyiza mpaka nyuma ya altaneta, mahali mkono hauingii. Nikamwambia arbab apande mwenyewe akanyage mafuta kwa nguvu, mimi nichungulie na tochi. Pale nyuma pana pampu ndogo inayozipa breki nguvu. Mpira wake wa oili ulikuwa umechanika, na kila akikanyaga, ulitema. Pampu ile ikikauka hufa, na breki nazo. Hebu fikiria mteremko wa Hatta, na mama mzee ndani.

Nilipomwonyesha, arbab alikaa chini sakafuni na kandura yake, ile kanzu yao nyeupe.

Mpira nikabadilisha, mama mzee wa arbab akaenda na kurudi salama, akaniletea tende kwa mkono wake. Siku hizi magari yanayovuja huletwa kwangu hata kutoka mtaa wa Oud Metha. Wananiita bingwa. Ubingwa wa nani? Kila kiangazi, wenzangu wakilala adhuhuri, mimi huacha mlango wa gereji wazi nikakaa nikingoja. Naogopa, usidhani siogopi. Lakini fundi yule, Mungu anisamehe, namtamani arudi anifundishe, na ahsante sijamwambia.

Nawe yakikukuta, ndugu yangu, bismillahi usiiache, ndiyo kinga yetu, huwafukuza wale. Ila kabla hujaitamka, muulize kwanza pa pili ni wapi.