Mamluki wa Darasa la Umeme

Mimi ni mtu wa kushuku. Nililelewa Tetu na mama ambaye akipewa chai kwa jirani huinusa kwanza, kwa hivyo msinilaumu. Kocha wa chuo kimoja cha ufundi huku mlimani alipokuja kunitoa chuo changu cha Nyeri mjini ili nikamchezee golini, nilimtazama viatu, nikamtazama na meno. Aliahidi masomo bila karo, kitanda, na nyama kila baada ya mechi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kitu ya bure iko na mwenyewe."

Nilihama hata hivyo, kwa sharti moja: nisomee umeme. Kipa hudaka mpaka goti likatae, basi. Na huku kwetu stima ilikuwa inaingia kijiji baada ya kijiji. Fundi wa kuunganisha taa hangelala njaa. Kocha alicheka, akasema, "Umeme ni wako."

Huko chuoni nilishuku kila mtu. Mpishi aliniongezea nyama, nikauliza wengine wamepewa ngapi. Nahodha alinisifu, nikaficha glavu chini ya godoro. Nilijua wanavyowaita wachezaji wanaoandikishwa chuo wacheze tu, halafu watupwe: mamluki. Niliapa jina hilo halitanipata.

Mtu mmoja tu sikumshuku, mwalimu wa umeme. Mzee mpole, sauti ya kanisani. Nikifika karakana na koti langu la bluu, ananiambia, "Binti yangu, umechoka. Nenda mazoezi, nitaandika kwamba ulikuja." Ngai! Nilimpenda mzee yule. Hata nilikuwa namwombea.

Likizo moja, soketi ya sebuleni kwetu ikaanza kutoa cheche. Mama alizima swichi kubwa, akaniita kwa maringo, majirani wasikie. Nikafungua kwa bisibisi, nikakuta nyaya tatu, kila moja na rangi yake. Ya moto ni ipi? Sikujua. Mwaka mzima wa umeme, na sikujua! Mama alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Ati unasomea nini huko?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Chuo kilipofunguliwa nilienda moja kwa moja karakana, nikakaa kwenye benchi la mbele.

"Mwalimu, leo sitoki."

Akatabasamu. "Kwani unahangaika ya nini? Wewe ni mchezaji. Cheti hutakosa."

Hapo ndipo nilipouelewa upole wake. Kocha alinifuata hukohuko akafoka: nikikosa mazoezi, nafasi ya bure imekwisha. Nikamwambia basi iishe. Kitanda kilienda, nyama ikaenda, na mama aliuza ndama wake nibaki darasani. Nilichukia kila mtu chuoni, na nilijichukia zaidi, mimi mwenye macho makali nisiyeona.

Haukupita muda, akaletwa kipa mwingine, msichana wa Endarasha, mrefu kuniliko. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa karakana na koti jipya, mikunjo ya dukani bado imo.

"Binti yangu," mzee akamwambia, "umechoka. Nenda mazoezi."

Niliruka kutoka kwenye benchi, koleo mkononi. "Usiende! Kaa hapa. Huyu atakuharibia maisha!"

Msichana alimwangalia yule mzee na uso wake wa ibada. Kisha akaniangalia mimi, kipa aliyeachwa, nikihema na koleo mkononi. Niliona akinishuku, pole pole, jinsi ambavyo mimi ningefanya.

"Dada," akasema, "najua nimechukua nafasi yako. Lakini wivu haitakusaidia."

Akamshukuru mwalimu kwa heshima, akaenda uwanjani.